Ngitili iliyojaa jasi, ikauziwa jasi

Miaka mitatu iliyopita mjomba wangu alipata washauri wawili ndani ya wiki moja. Wa kwanza, kijana aliyekuja na bodaboda, alichukua vipande vyeupe kwenye shimo la lambo, akavifunga kwenye kitambaa, akamwambia mjomba kwamba ardhi yake imejaa jasi, yaani jipsamu, na viwanda vya saruji vitainunua. Wa pili, muuza pembejeo wa mjini Mwanza, alisikiliza habari za majani yasiyoota, akamuuzia mifuko 12 ya jasi aimwage juu ya ardhi ileile. Mjomba alilipia ushauri wa pili huku akihesabu fedha za ushauri wa kwanza. Kisha akanipigia simu.

"Mpwa wangu, wewe ndiye uliyesomea udongo. Mtu anaweza kuuziwa chumvi wakati amekaa juu ya kisima cha chumvi?"

Niseme mapema kwamba mimi si bwana mifugo. Nimefanya kazi ya maabara ya udongo wa barabara na misingi ya majengo, na kwa muda nilikaa Same, Kilimanjaro, ambako jasi ya Makanya inachimbwa. Ndiyo maana nilijua tangu kwenye simu kwamba kati ya wale wawili lazima mmoja amekosea. Nilipofika na kuchimba mwenyewe, nikakuta wote wawili wamekosea, kila mtu kwa njia yake, ingawa muuza pembejeo alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyostahili.

Ngitili yenyewe ni ekari 12, kusini mwa Magu mjini. Kwa wasio wa Kanda ya Ziwa, ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zikianza, ng'ombe wasiingie, ili majani yakomae na kusubiri kiangazi. Ya mjomba iko kwenye mteremko wa kawaida kabisa wa Usukumani. Juu kuna mawe ya itale yaliyopandana, chini yake udongo wa kichanga anaouita luseni, halafu ardhi inakuwa bapa na ngumu, mwisho unaingia mbugani kwenye mfinyanzi mweusi unaopasuka. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani, Tanga, aliupa mpangilio huu wa udongo kubadilika kufuata mteremko jina la katena, na hadi leo neno hilo linafundishwa vyuoni duniani kote. Wasukuma walikuwa tayari na jina la kila hatua ya mteremko.

Kipara, yaani pale majani yalipokataa kuota, kilikuwa kwenye ile sehemu bapa, kama ekari tatu. Nilikifikia saa nne asubuhi, siku mbili baada ya mvua. Juu ya ardhi palikuwa na ganda jembamba lililopasuka vipande vipande, kila kipande kingo zake zimejikunja juu kama chapati iliyosahaulika mezani. Kwenye vishimo vya kwato maji yalikuwa bado yamesimama. Nikachoma bisibisi pembeni ya kishimo kimoja: sentimita tatu za tope, chini yake pakavu kabisa. Siku mbili maji yamekaa pale na hayajashuka hata urefu wa kidole. Kandokando ya kipara, mahali palipokauka, palikuwa na ukungu mweupe, na ng'ombe wa jirani waliopita wakichungwa wakasimama kulamba.

Kulamba kule kulinipa nusu ya jibu. Ng'ombe hutafuta sodiamu. Jasi haina sodiamu wala haina ladha. Ni kalsiamu, salfeti na maji yaliyofungwa ndani ya fuwele. Ng'ombe hana sababu ya kusimama njiani kuilamba.

Ardhi ya jasi ilivyo kweli

Hapa inabidi niende Same kidogo, kwa sababu tatizo la yule kijana wa bodaboda ni kwamba hajawahi kuiona ardhi ya jasi. Mjini Mwanza ukimtajia mtu jipsamu anatazama juu, darini. Jasi ni hiyohiyo. Inachimbwa, inachomwa mpaka ipoteze sehemu kubwa ya maji yake, inasagwa, na fundi akiirudishia maji inaganda. Viwanda vya saruji huitumia mbichi, kiasi kidogo tu, kama asilimia 3 hadi 5, ili saruji isigande mapema kabla fundi hajaipanga.

Makanya iko upande wa milima ya Upare usiopata mvua. Ardhi yenye jasi ikikauka ina rangi ya maziwa ya unga, na ukiikanyaga mguu unazama kidogo, kama umekanyaga gunia la sembe. Kijiganda cha juu kinavunjika kwa sauti ndogo. Ukichimba, fuwele zinang'aa, nyingine kama sindano, nyingine kama vipande vya kioo cha dirisha unavyoweza kuvikwaruza kwa kucha. Maji yakimwagwa hapo hayatuami. Yanaingia, wakati mwingine kwa haraka isiyopendeza, kwa sababu jasi inayeyuka na kuacha mashimo ardhini. Lita moja ya maji hubeba karibu gramu 2.5 za jasi. Kwa chumvi ya mezani hiyo si kitu, maana lita hiyohiyo inameza zaidi ya gramu 350 za chumvi, lakini ni zaidi ya mara mia ya chokaa ambayo lita hiyo ingeweza kubeba. Kwa mjenzi, hesabu hiyo ni balaa. Bwawa la Mosul, Iraki, limejengwa juu ya miamba yenye jasi, na tangu lilipoanza kutumika miaka ya 1980 mafundi wamekuwa wakisukuma saruji ardhini mwaka hadi mwaka kuziba mashimo yanayofunguka chini yake. Isitoshe, salfeti ya jasi hula zege la kawaida, ndiyo maana Same tulikuwa tukipima salfeti kabla ya kumwaga msingi.

Kwa mfugaji ardhi kama ile ina tabia nyingine. Wataalamu huhesabu tabaka kuwa la jasi likiwa na angalau asilimia 5 ya jasi na unene wa sentimita 15 au zaidi. Kiasi kidogo hakidhuru majani, na hata kinasaidia udongo kushikana vizuri. Kikizidi sana, tuseme robo ya udongo wote ikawa jasi, mizizi inakuta kitu kisichohifadhi mbolea. Jasi haishiki rutuba kama mfinyanzi unavyoshika, na kalsiamu yake nyingi inawasukuma pembeni potasiamu na magnesiamu. Majani yanakuwa ya kuhesabika, na baadhi ya mimea ni ya huko tu, imezoea. Kati ya mmea na mmea ardhi hushikwa na utando wa vijimea vya kijani na kuvu, mwembamba, unaozuia upepo usiipeperushe. Kundi la mbuzi likipita mara chache utando umekwisha, na vumbi linaanza.

Sasa linganisha na kipara cha mjomba. Maji yanasimama, ardhi ni ngumu kama sakafu, hakuna unga, hakuna kuzama.

Kuna hoja nyingine, ya mvua, ambayo ningetaka kila mtu wa Kanda ya Ziwa aijue kabla hajachukua ushauri wa mtu mwenye bodaboda. Kwa kuwa vitu hivi vitatu havilingani katika kuyeyuka, maji ya mvua huvipanga ardhini kwa zamu. Chokaa, ambayo ni nzito kuyeyuka, hubaki juu. Jasi hushuka chini yake. Chumvi hushuka chini zaidi. Udongo uliojaa jasi karibu na uso unapatikana pakavu, kule Somalia, Syria, Iraki, Namibia, mahali mvua ya mwaka kwa kawaida haifiki hata milimita 400. Mwanza mjini hupata kama milimita 1,000. Magu ya kusini inapata pungufu ya hapo, lakini bado ni nyingi mno kwa jasi kubaki kwenye kina cha magoti juu ya mteremko. Ingekuwa imeshashuka zamani. Mvua ile haitoshi kuondoa chokaa, na hapa ndipo penye fumbo la vile vipande vyeupe.

Meza ya jikoni

Mjomba hakutaka hoja za mvua. Alitaka aone. Basi tukakaa nyuma ya nyumba na vitu vinne: vipande vyeupe vya kwenye lambo, vijibamba vya kung'aa ambavyo kijana alisema ndiyo jasi "safi", ukungu mweupe wa juu ya kipara, na konzi moja kutoka kwenye mfuko wa dukani. Siki tulitoa jikoni.

Vijibamba vya kung'aa vilikwisha haraka. Nilikibandua kimoja kwa ukucha kikatoka karatasi nyembamba, nikaikunja, nikaiachia. Ikaruka ikarudi ilivyokuwa. Huo ni ulanga, yaani mika, umetoka kwenye itale ya mlimani. Fuwele ya jasi nayo hubanduka, tena hukunjika, ila ukishaikunja haikurudii.

Vipande vyeupe, vya ukubwa wa punje ya mahindi, vilitoa povu mara tone la siki lilipovigusa. Jasi haitoi povu. Konzi ya dukani tuliitilia siki nyingi tu, ikatulia kama haijaguswa. Tukaenda mbali kidogo. Nilisaga vile vipande, nikavikaanga kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo, na pembeni nikakaanga unga wa dukani. Unga wa dukani ulianza kucheza kama uji unaochemka, japo ulikuwa mkavu, na mfuniko ukalowa jasho. Hayo ni maji yaliyokuwa yamefungwa ndani ya fuwele. Nilipourudishia maji vijiko viwili ukaganda kwenye sahani mpaka mjomba akaipindua sahani juu chini na kucheka. Vile vya kwenye lambo vilibaki tope. Ni chokaa.

Ukungu mweupe wa kipara nao ukatoa povu, na hapa nilitaka kusema chokaa tena. Aliyeniokoa ni mke wa mjomba, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni.

"Hiyo si ni magadi? Mimi naikwangua kiangazi napikia maharage. Mbona hamkuniuliza?"

Ni kweli, siki peke yake haiwezi kutenganisha chokaa na magadi, maana zote mbili ni kabonati, chokaa ya kalsiamu na magadi ya sodiamu. Maji ndiyo yanayotenganisha. Tulitia ukungu ule kwenye kikombe cha maji ukayeyuka wote, na maji yakawa na utelezi wa sabuni kati ya vidole. Chokaa ilikaa chini ya kikombe chake. Baadaye maabara ilithibitisha: pH, kipimo cha asidi na alkali, ya tabaka gumu ilipita 9, wakati ardhi yenye jasi tupu huwa karibu na 7 au 8. Ila tangu jikoni palikuwa hapana shaka.

Mjomba alisikiliza yote, akasema kwa utulivu wa mtu aliyeshalipia mifuko 12: "Kwa hiyo ni itogolo, na chini yake ibushi." Itogolo ni ule udongo bapa, mgumu, unaokataa maji, ibushi ni udongo wenye chokaa. Baba yake aliwahi kumwambia hivyohivyo kuhusu kipande kilekile. Sikujua nicheke au nilie.

Kilichobaki ni kujua kwa nini magadi yanaifanya ardhi iwe sakafu, na jaribio lake ni rahisi kuliko yote. Chukua donge kavu la udongo, ukubwa wa punje ya njugu mawe, litie taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua, usitikise. Maji ya mvua, kwa sababu maji ya chupa na ya kisima yana madini yake yatakayokudanganya. Donge la kipara lilikaa dakika kama tano, halafu moshi mweupe ukaanza kulizunguka, ukapanda, na jioni glasi nzima ilikuwa chai ya maziwa. Donge la luseni lilibomoka tu likawa kichuguu, maji juu yake meupe safi.

Chembe za mfinyanzi ni mithili ya karatasi zilizopangwa. Kalsiamu ina chaji mbili na huzivuta karatasi zikae pamoja kwenye vifungu, na kati ya kifungu na kifungu hubaki nafasi ya maji na mizizi. Sodiamu ina chaji moja na hutembea na maji mengi mwilini, hivyo karatasi zinasukumana, vifungu vinaachana, kila karatasi inaelea peke yake na kwenda kuziba tundu la kwanza inalokutana nalo. Mvua ya kwanza tu inatosha kuifunga ardhi. Ikikauka, unapata zile chapati zilizojikunja. Wataalamu huanza kuuhesabu udongo kuwa wa namna hii sodiamu inapofika asilimia 15 ya vyote vilivyoshikiliwa na mfinyanzi.

Usiku ule nilitia kibano kimoja cha jasi ya dukani kwenye glasi ya chai ya maziwa, nikakoroga, nikaenda kulala. Asubuhi glasi ilikuwa angavu, tope lote limelala chini. Mjomba aliibeba akawaonyesha watu wawili waliokuja kuulizia ng'ombe.

Lambo lilishasema

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hatukuhitaji siki wala kikaango. Lambo lilichimbwa kwa katapila mwaka mmoja kabla, chini kidogo ya kipara, na tangu siku ya kwanza maji yake yalikuwa na rangi ileile ya chai ya maziwa, mvua au kiangazi. Hayakuwahi kutulia. Kwenye ardhi ya jasi lambo hutakata, maana kalsiamu inayoyeyuka inayatuliza matope. Shida yake huwa nyingine, maji yakishiba jasi yanabeba karibu gramu 1.4 za salfeti kwa lita, na ng'ombe wanaoyanywa muda mrefu huharisha na kupungukiwa shaba mwilini. Maji ya mjomba yalikuwa machafu kwa macho, ila ng'ombe hawakuwa na tatizo nayo.

Ukuta wa lambo ulikuwa na mashimo. Mjomba aliamini ni panya, akatega mitego. Nilipoingiza fimbo, shimo lilinyooka kufuata maji yalikotoka, kuta zake laini kama za bomba. Ni maji yenyewe yaliyotoboa: mfinyanzi wa magadi unaachana ndani ya maji chembe kwa chembe, njia inapanuka, na siku moja ukuta unakwenda. Nakiri hapa ndipo mtu anaweza kuchanganya, kwa kuwa ardhi ya jasi nayo hutoboka. Lakini ile ya jasi hutoboka kwa madini kuyeyuka na kuondoka, maji yakitoka upande wa pili yakiwa safi. Hii ya mjomba ilitoa uji. Ukuta ulipasuka Machi ya mwaka uleule, usiku, na kambale wachache waliokuwemo wakaishia kwa majirani.

Tuirudie mifuko. Muuza pembejeo alisema jambo la kweli kabisa, kwamba jasi hutibu udongo wa magadi. Kalsiamu yake inachukua nafasi ya sodiamu, na sodiamu inaondoka na maji ikiwa salfeti. Hakusema kiasi, wala hakuuliza maji yatapita wapi. Kupunguza sodiamu kwa kipimo kimoja cha maabara kwenye sentimita 30 za juu kunahitaji karibu tani moja na nusu ya jasi kwa ekari. Ardhi ya mjomba ilihitaji kupunguziwa vipimo vitatu hivi, maana yake tani nne na nusu kwa ekari, na kwa ekari tatu ni zaidi ya tani 13. Alikuwa na mifuko 12 ya kilo 50. Kilo 600! Ukizitawanya ni kama gramu 50 kwa kila mita ya mraba, konzi ndogo ya mtoto. Na tani moja ya jasi kwenye ekari moja inataka milimita 100 za maji ili iyeyuke yote, maji yaliyoingia ardhini, si yaliyoelea juu na kukimbilia lamboni. Kipara kile hakikuwa kinaingiza maji zaidi ya sentimita tatu. Mifuko miwili mjomba alikwisha kuimwaga kabla hajanipigia, na mvua iliyofuata iliisomba ikaipeleka kwa jirani wa chini.

Nilimshawishi tusinunue mfuko mwingine hata mmoja kabla ya kujaribu kidogo. Tulipima vipande vinne vya mita tano kwa tano, tukavizungushia matawi ya miiba. Cha kwanza hatukukigusa. Cha pili tuliweka jasi kwa kipimo kamili, kilo 28, juujuu bila kuchimba. Cha tatu tulichimba vishimo vya nusu mwezi, mdomo ukitazama mlima, kina cha kufikia tabaka la chokaa, tukajaza samadi iliyooza na kuchanganya na udongo uliotoka chini. Cha nne kilikuwa kama cha tatu pamoja na kilo 28 za jasi. Kotekote tukachomeka vipande vya ukoka, kwa sababu unavumilia chumvi na hauna mwenyewe wa kuuza mbegu yake.

Samadi nilikuwa na sababu yake zaidi ya rutuba. Ikioza, na mizizi ikipumua, hewa ya ukaa inajaa kwenye udongo, inakuwa asidi dhaifu ndani ya maji, na asidi hiyo inaianza chokaa. Chokaa inatoa kalsiamu. Yaani dawa ambayo mjomba aliinunua mjini ilikuwa nusu mita chini ya miguu yake kwa sura nyingine, imefungwa, inasubiri asidi ya kuifungua. Hili huwezi kulitegemea mahali ambapo magadi yamekaa bila chokaa, kwa hiyo povu la siki kutoka kwenye kile kina lilikuwa habari njema kuliko jasi ambayo kijana aliahidi.

Baada ya msimu wa kwanza kipande cha jasi tupu kilikuwa na miche michache pembeni, basi. Cha samadi na vishimo kilikuwa na ukoka ndani ya vishimo, katikati bado wazi. Cha nne kilifunika zaidi ya nusu. Msimu wa pili cha tatu kilikaribia kukifikia cha nne, na hapo mjomba akakata shauri. Samadi anayo zizini, jasi inataka Fuso. Alianza kuchimba vishimo kuanzia juu ya mteremko kushuka, vijana wawili kila Jumamosi, na kipara akakifungia kabisa, hata kiangazi. Hili la kukifungia liligombanisha nyumba nzima mwaka wa kwanza, maana ngitili bila kiangazi ni nini? Sikuingilia.

Mifuko minane iliyobaki niliipatia kazi ninayoielewa vizuri. Kilo 400 za jasi, kwa asilimia 2, zinatosha kuchanganya tani 20 za udongo, na sehemu ya ukuta wa lambo iliyopasuka haikuzidi hapo. Tulichanganya kwa koleo, tukanyunyiza maji, tukashindilia tabaka nyembamba nyembamba kwa gogo la mti, wanaume sita na kelele nyingi. Kalsiamu inawafunga wale karatasi wasielee. Misimu miwili imepita na fimbo yangu haijapata tundu upande ule. Upande wa zamani, ambao haukutiwa kitu, matundu mawili mapya yameonekana, na mjomba bado anasema moja ni la panya.

Yule kijana wa bodaboda alirudi mwaka jana na mtu mwingine aliyevaa kofia ngumu ya njano. Walikaribishwa viti, wakapewa maji. Mke wa mjomba alitoka na chupa ya siki na sahani yenye vipande vyeupe, akaviweka mbele yao bila kusema neno.

Kipara kimebaki ekari moja na robo hivi. Mfuko wa mwisho wa jasi, ule tuliofungua kwa ajili ya vile vipande vinne, upo stoo na kilo zake arobaini na kitu. Mjomba hataki umwagwe popote. Anasema ni wa kuonyeshea wageni kwenye glasi.